Moshi wa Magari na Afya ya Tumbo: Kinachojulikana na Hatua za Kuchukua

Gatitu ni mahali ambapo magari hayakosekani. Anayetoka Karatina kuelekea mjini Nyeri hupita hapo, na anayetoka mjini kwenda Marua hupita hapo pia. Malori, matatu na bodaboda husimama na kuondoka tangu kabla ya alfajiri hadi usiku. Mama mboga, makanga, mwendeshaji bodaboda na mchoma mahindi huweza kukaa karibu na moshi huo kwa saa kumi au zaidi kila siku.

Si ajabu kusikia mmoja wao akilalamikia tumbo: kiungulia, gesi, kichefuchefu au maumivu yanayochoma chini ya kifua. Wakati mwingine lawama huelekezwa kwenye moshi. Je, kuvuta moshi wa magari kila siku huharibu tumbo?

Jibu fupi ni hili. Moshi wa magari umethibitishwa kuumiza mapafu na moyo. Kuhusu tumbo, kuna dalili kwamba huenda unachangia, lakini matokeo ya utafiti hayajakubaliana. Magonjwa mengi ya tumbo yana visababishi vingine vinavyojulikana, vinavyoweza kupimwa na kutibiwa. Anayeulaumu moshi pekee anaweza kukaa miaka na ugonjwa ambao ungetibiwa kwa wiki mbili.

Makala haya yanaeleza moshi huo una nini, unavyoweza kufika tumboni, utafiti umeonyesha nini, na mkazi achukue hatua gani.

MOSHI WA BARABARANI UNA NINI

Moshi wa injini ni mchanganyiko wa gesi na chembechembe. Miongoni mwa gesi hizo ni kaboni monoksaidi na naitrojeni dayoksaidi. Chembechembe ni vipande vidogo sana vya masizi. Huongezewa na vumbi la breki, la matairi na la barabara yenyewe.

Wataalamu huzipima chembechembe kwa ukubwa. Zile ndogo zaidi, zinazoitwa PM2.5, zina upana usiozidi sehemu mbili na nusu za elfu za milimita. Unywele mmoja wa kichwani ni mpana kuliko hizo mara nyingi. Kwa sababu ya udogo huo, hupita puani na kooni na kuingia ndani kabisa ya mapafu.

Mnamo Septemba 2021 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilipunguza kiwango kinachopendekezwa cha PM2.5 hadi wastani wa maikrogramu 5 kwa kila mita moja ya ujazo wa hewa kwa mwaka. Kabla ya hapo kiwango kilikuwa 10. Kilipunguzwa kwa sababu madhara yalionekana hata pale hewa ilipodhaniwa kuwa safi.

Kwa hesabu za WHO, uchafu wa hewa ya nje ulisababisha vifo vya mapema milioni 4.2 duniani mwaka 2019. Karibu asilimia 68 ya vifo hivyo vilitokana na maradhi ya moyo na kiharusi. Vilivyobaki vilikuwa vya magonjwa sugu ya mapafu, maambukizi ya njia ya hewa na saratani ya mapafu. Magonjwa ya tumbo hayamo katika orodha hiyo.

MOSHI UNAVYOWEZA KUFIKA TUMBONI

Pua na tumbo ni viungo viwili tofauti, lakini vina njia inayoviunganisha.

Njia ya kwanza ni kumeza. Bomba la hewa limefunikwa kwa ute ndani, na chini ya ute huo kuna vinyweleo vidogo vinavyosukuma uchafu kuelekea juu. Vumbi na masizi yaliyonaswa hupandishwa hadi kooni. Hapo mtu huyatema au huyameza, mara nyingi bila kujua. Ndiyo sababu anayeshinda barabarani huona makohozi meusi jioni. Sehemu ya uchafu kama huo huishia tumboni.

Njia ya pili ni damu. Chembechembe ndogo kabisa na baadhi ya kemikali zake huweza kuvuka ukuta wa mapafu na kuingia katika damu. Mwili hujibu kwa uvimbe wa ndani, na uvimbe huo hauishii mahali pamoja.

Njia ya tatu ni chakula. Vumbi la barabarani hutua juu ya mahindi, mandazi, matunda yaliyokatwa na mboga zisizofunikwa. Kwa afya ya tumbo, hatari kubwa katika vumbi hilo mara nyingi ni vijidudu vya kinyesi cha wanyama na maji machafu, kuliko masizi yenyewe.

UTAFITI UMEONYESHA NINI

Watafiti wametumia kumbukumbu za hospitali katika miji inayopima hewa yake kila siku, wakalinganisha siku za hewa chafu na idadi ya wagonjwa wa tumbo.

Nchini Kanada, utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulichunguza watu waliofika hospitalini kwa dharura mjini Edmonton na Montreal wakiwa na maumivu ya tumbo yasiyojulikana chanzo. Miongoni mwa vijana wa miaka 15 hadi 24, ziara hizo ziliongezeka kidogo katika siku ambazo gesi za magari zilikuwa nyingi hewani.

Hong Kong, utafiti wa mwaka 2016 uliwafuatilia maelfu ya wazee wa miaka 65 na zaidi. Walioishi penye chembechembe nyingi walilazwa zaidi kwa vidonda vya tumbo. Lakini kwa vidonda vya utumbo wa mwanzo, ule unaopokea chakula kutoka tumboni, uhusiano huo haukuonekana.

Mwaka 2015, watafiti wa Calgary na Edmonton waliwachunguza wagonjwa waliovuja damu kwa sababu ya vidonda vya tumbo. Hawakupata uhusiano wowote na uchafu wa hewa. Miaka miwili baadaye, watafiti wa Hong Kong waliripoti kwamba kati ya wazee, dharura za aina hiyo ziliongezeka baada ya siku zenye naitrojeni dayoksaidi nyingi.

Katika maabara, panya waliopewa chembechembe za uchafu kwa wingi walionyesha mabadiliko katika ukuta wa utumbo na katika bakteria wa kawaida wanaoishi humo. Hata hivyo, panya katika maabara hawapewi uchafu kwa kiwango kile kile anachovuta mtu stegini.

Matokeo haya yanatufundisha mambo mawili. Kwanza, uwezekano wa moshi kuathiri tumbo si jambo la kubuni, kwani wanasayansi wanaendelea kulichunguza. Pili, athari iliyoonekana ni ndogo, na haikuonekana kila mahali. Mtu mmoja mwenye maumivu hawezi kuambiwa kwa uhakika kwamba tumbo lake limeharibiwa na moshi.

Lipo somo moja la zamani kuhusu uchafu wa magari na tumbo. Kwa miaka mingi petroli ilitiwa risasi, madini ambayo yakiingia mwilini kwa wingi husababisha msokoto wa tumbo na kufunga choo, na hata kwa kiasi kidogo hudhuru ubongo wa mtoto. Kenya na nchi nyingine za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli hiyo kufikia mwanzoni mwa 2006. Mpango wa kimataifa wa kuiondoa uliongozwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake makuu Nairobi. Mafanikio hayo yanaonyesha kwamba uchafu unaotoka kwenye magari unaweza kuondolewa kwa uamuzi wa serikali.

VISABABISHI VILIVYOTHIBITISHWA

Zamani watu walilaumu pilipili, mawazo na kukaa na njaa kwa vidonda vya tumbo. Mambo hayo yanaweza kuzidisha maumivu ya mtu aliye na kidonda tayari, lakini kwa kawaida hayaanzishi kidonda. Visababishi vikuu ni viwili.

Cha kwanza ni bakteria anayeitwa H. pylori. Mapema miaka ya 1980, madaktari wawili wa Australia, Robin Warren na Barry Marshall, walionyesha kwamba bakteria huyu huishi ndani ya tumbo licha ya asidi yake. Wenzao wengi hawakuamini. Mwaka 1984 Marshall alikunywa bakteria hao kwa hiari, akaugua uvimbe wa tumbo. Mwaka 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba.

H. pylori huenea kutoka mtu hadi mtu kupitia mdomo, na kupitia maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Wengi huambukizwa wakiwa watoto. Wengi pia hawaugui kamwe, lakini wengine hupata vidonda, na wachache hupata saratani ya tumbo. Tangu 1994 wataalamu wa saratani wa WHO wamemweka bakteria huyu katika kundi la visababishi vilivyothibitishwa vya saratani. Jambo hili si la mbali na wakazi wa eneo la Mlima Kenya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001, uliotegemea wagonjwa wa hospitali ya Chogoria, ulionyesha kwamba saratani ya tumbo katika upande huo wa mlima haikuwa nadra kama ilivyodhaniwa.

Kisababishi cha pili ni dawa za maumivu kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki. Mwendeshaji bodaboda anayeumwa na mgongo, au mbeba mizigo anayeumwa na magoti, huzinunua dukani na kuzimeza kwa wiki nyingi. Dawa hizi hupunguza kinga inayolinda ukuta wa tumbo. Kula kabla ya kuzimeza kunaweza kupunguza muwasho, lakini hakuondoi hatari ya kidonda wala ya kuvuja damu.

Sigara na pombe huongeza matatizo haya. Kuvuta sigara huchelewesha kidonda kupona. Anayeshinda kwenye moshi wa magari huku akivuta sigara anajiongezea mzigo ambao sehemu yake ingeepukika.

HALI MBILI ZISIZOFAA KUITWA "TUMBO TU"

Wakati mwingine maumivu ya tumbo au kichefuchefu ni dalili ya jambo lililo nje ya tumbo. Wakazi wazifahamu hali mbili, kwa sababu zote mbili zinahusiana na moshi na zote zinaua.

Ya kwanza ni sumu ya kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi wala harufu. Hutoka kwenye injini inayonguruma ndani ya gereji iliyofungwa, na pia kwenye jiko la makaa lililoingizwa chumbani. Dalili zake ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kutapika. Familia huweza kudhani ni chakula kibovu. Dalili zikiwapata watu kadhaa waliomo katika nyumba moja kwa wakati mmoja, na zikipungua wanapotoka nje, watoke wote mara moja, wafungue milango na madirisha na waende hospitalini. Katika baridi ya Juni hadi Agosti, jiko la makaa lisiachwe chumbani watu wakiwa wamelala.

Ya pili ni mshtuko wa moyo. Maumivu yake huweza kuhisiwa juu ya tumbo, yakafanana na kiungulia. Yakija pamoja na jasho jingi, kupumua kwa shida, kubanwa kifua, au maumivu yanayokwenda mkononi, shingoni au tayani, hiyo ni dharura. Kwa kuwa moyo ndio unaoumizwa zaidi na hewa chafu, mtu anayefanya kazi barabarani asimeze dawa ya asidi na kusubiri kesho.

WAKATI WA KWENDA KUPIMWA

Mkazi mwenye maumivu ya tumbo au kiungulia kinachorudi mara kwa mara kwa zaidi ya wiki mbili au tatu anashauriwa kwenda kituo cha afya badala ya kuendelea kununua dawa ya kutuliza asidi.

Aende siku hiyo hiyo akiona mojawapo ya dalili hizi:

• kutapika damu, au matapishi yanayofanana na machicha ya kahawa;
• choo cheusi kama lami;
• maumivu makali ya ghafla na tumbo kuwa gumu;
• kuzirai au kupauka.

Na asikawie kuonana na daktari akiona haya:

• kupungua uzito bila kukusudia;
• chakula kukwama kikimezwa;
• kutapika mara kwa mara.

Akifika, amweleze mhudumu mambo matatu bila kuficha: dawa zote anazomeza, pamoja na za dukani na za mitishamba, sigara na pombe, na kazi anayofanya pamoja na saa anazokaa barabarani.

H. pylori anaweza kugunduliwa kwa kipimo cha choo kikubwa, cha pumzi, au kwa kamera inayoingizwa tumboni kupitia mdomoni. Kipimo cha damu kinaweza kuonyesha maambukizi ya zamani yaliyokwisha kupona, hivyo mgonjwa aulize anapimwa kwa njia gani. Dawa kali za kupunguza asidi, kama omeprazoli, huweza kuficha bakteria. Kwa kawaida hutakiwa kusimamishwa wiki mbili kabla ya kipimo cha choo au pumzi, na antibiotiki wiki nne kabla. Kusimamisha dawa kufanywe kwa ushauri wa mhudumu.

Akipatikana na bakteria, matibabu huwa ni mchanganyiko wa antibiotiki na dawa ya kupunguza asidi, kwa kawaida kwa siku 14. Kuacha dawa siku ya tano kwa sababu maumivu yametulia huwapa bakteria nafasi ya kuwa sugu. Kipimo cha kuhakikisha wamekwisha hufanywa angalau wiki nne baada ya kumaliza dawa.

KUPUNGUZA MOSHI

Kwamba tumbo huenda halikuharibiwa na moshi si sababu ya kuuzoea. Mapafu na moyo vinatosha kuwa sababu ya kujikinga.

Kwa anayefanya kazi stegini: moshi hupungua haraka kadiri mtu anavyosogea mbali na barabara, na baada ya mita mia chache hushuka sana. Hata hatua kumi zina faida. Kibanda kisielekee mahali magari yanapongurumia. Kitambaa puani huzuia vumbi kubwa lakini si chembechembe ndogo. Barakoa ya N95 iliyokaa vyema usoni huzuia zaidi.

Kwa muuza chakula: chakula kilicho tayari kifunikwe, matunda yakatwe mteja akiwa amefika, na maji safi ya kunawa yawepo. Mchoma mahindi akae upande unakotoka upepo, kwa kuwa moshi wa makaa anaouegemea siku nzima unaweza kuwa mwingi kuliko wa magari yanayopita.

Kwa mnunuzi: mboga na matunda yaoshwe kwa maji safi yanayotiririka kabla ya kupikwa au kuliwa, na mikono inawiwe kwa sabuni. Hatua hiyo hupunguza vumbi na vijidudu kwa pamoja.

Nyumbani: Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya familia nchini hupikia kuni. Anayeondoka barabarani jioni na kuingia jikoni penye moshi hajapumzika bado. Dirisha lililo wazi, kuni kavu na jiko bora hupunguza mzigo huo.

Kwa mwenye gari: injini izimwe gari linaposubiri abiria. Moshi mweusi ni ishara ya injini inayohitaji fundi, na pia ni mafuta yanayopotea. Mnamo Januari 2015 kiwango cha juu cha salfa katika dizeli inayouzwa Kenya kilipunguzwa hadi sehemu 50 kwa milioni, kutoka 500 hapo awali. Mafuta bora husaidia kidogo tu iwapo injini haitunzwi.

HAKI NA WAJIBU

Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Jedwali la Nne la Katiba hiyo limeipa serikali ya kaunti jukumu la kudhibiti uchafuzi wa hewa, pamoja na huduma za afya za kaunti. Kanuni za kitaifa za ubora wa hewa, zinazosimamiwa na mamlaka ya mazingira, NEMA, zinahusu pia moshi wa magari.

Kwa hiyo mkazi wa Gatitu, au wa sehemu nyingine yoyote ya kaunti, anayesumbuliwa na moshi wa kudumu, uwe wa gereji, wa takataka zinazochomwa au wa magari yanayoachwa yakinguruma mbele ya shule, ana haki ya kulalamika. Anaweza kuanza kwa afisa wa afya ya umma au msimamizi wa wadi yake. Malalamiko husaidia zaidi yakitaja mahali, siku na saa. Ushiriki wa umma wakati wa kupanga bajeti na mipango ya kaunti pia ni nafasi ya kusema stegi iwekwe wapi, soko lijengwe umbali gani kutoka barabarani, na miti ipandwe wapi.

KWA UFUPI

Moshi wa magari huumiza mapafu na moyo, na hilo limethibitishwa. Huenda unaligusa tumbo pia, lakini ushahidi bado haujakubaliana. Vidonda vingi vya tumbo hutokana na H. pylori au dawa za maumivu, na vyote viwili vina tiba au njia ya kuviepuka. Mwenye maumivu yasiyoisha akapimwe sasa, na moshi upunguzwe sasa. Hakuna haja ya moja kusubiri lingine.